Kibindo

Paja la kulia, upande wa nje,
pana kama kiganja: hapo panawaka.
Tazama. Hakuna upele, hakuna lengelenge.
Lakini khanga ikipapita tu
ni maji ya ugali yamemwagika.

Usiku shuka nalisukumia ukutani.
Chandarua kikinigusa, naamka.
Nyanzala, ninayeanika naye dagaa Mwaloni,
kasema nimekanyaga cha watu,
kanielekeza kwa mzee mmoja Magu.
Nikachanjwa. Chale zikapona,
moto ukabaki.

Bugando, juu kilimani, binti wa koti jeupe
paja hata hakuligusa. Aliuliza:
"Mama, kiunoni unafunga nini?"

Nikafungua.
Fundo la kwanza. La pili. Nailoni,
noti zinazonuka dagaa,
ada ya Holo, kodi ya kizimba;
miaka tisa nimekaza
mwizi asipate pa kupenyeza kidole.

"Mshipa wa fahamu unapita hapo," akasema.
"Umeubana mwenyewe."

Siku hizi hela zinalala kwenye simu.
Paja bado linanung'unika, kwa mbali.
Mkono ndio haujaamini:
kila saa unashuka kiunoni, unapapasa,
unakuta ngozi tu.