Mguu wa Nne

Kigoda cha kwanza alikirudisha Ijumaa.
Hakusema neno. Alikiacha mlangoni mwa karakana,
na kwenye mguu mmoja kakifungia kwa uzi
karatasi ya unga iliyokunjwa, ikakunjwa tena,
hata ikawa nene kama kidole gumba.
Akarudi zake Dagoretti Corner, kwenye mahindi yake.

Nilikiweka kwenye saruji, kikatulia kama maji mtungini.
Nikakitoa nje, kwenye kokoto. Tiki. Taka.
Miaka kumi na tisa ya randa, nami sikuwahi kujiuliza
mteja ataketi juu ya nini.

Kitanda cha Mutunga kikangoja.
Niliteremka barabara ya Ngong na futi mfukoni,
nikachuchumaa kando ya jiko lake.
Lami inaishia pale; baada yake changarawe,
kisha ukingo wa mtaro uliomung'unywa na mvua.
Kutoka kisigino cha ndala hadi mkunjo wa goti:
inchi kumi na nne na nusu.
Upana wa makalio sikuuliza. Jicho la fundi lina adabu zake.
"Fundi Musyoka," Kwamboka akasema, "unanipimia sanda?"
Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikaandika.

Nikamtazama akifanya kazi:
kulia kwenye gunia la makaa, kushoto kwenye ndimu na pilipili,
mbele kupepea, nyuma kurudisha chenji.
Mtu aketiye haketi. Anapiga makasia.

Usiku nikachora kwenye mfuko wa simenti.
Miguu mitatu.
Nani aliinjika chungu juu ya mafiga manne?
Mitatu huitafuta ardhi yenyewe, hata ikiwa na mabonde;
wa nne ndio huleta ubishi.
Lakini mitatu ina hila: ukiinama penye pengo, inakumwaga.
Basi ijitanue, nyayo zipite ukingo wa kikalio.
Mguu wima ni askari wa gwaride,
unapendeza, na kikumbo kimoja kinautosha.

Kikalio ni mgrivilea wa Limuru, umekauka misimu miwili.
Miguu ilitoka kwenye mlango wa mvule,
nyumba ya zamani Kileleshwa iliyobomolewa kupisha ghorofa;
nilitoa bawaba, na chini ya rangi tatu
mti ulikuwa bado una harufu.

Tundu la kwanza la keekee lilikwenda upogo.
Nikalitukana, nikaliziba, nikageuza ubao.
Nikapaka chaki kikalioni, nikaketi na suruali ya kazi,
nikasoma pale mfupa ulipolalamika,
nikachimba hapo kwa patasi, kidogo, kidogo,
nikaketi tena. Msaidizi wangu Lihanda
alidhani nimepatwa na kitu.

Msumari hata mmoja. Ulimi na tundu,
na kabari ikingame na nyuzi za kikalio,
maana ikifuatana nazo, itapasua.
Nyundo ilisema *du, du,* kisha ikabadili sauti, *ti.*
Hapo unaacha. Pigo moja zaidi ni kiburi.

Jumatano nikampelekea.
Aliketi huku akigeuza hindi,
akanisimulia bei ya gunia huko Kitale,
karo ya mwanawe, goti la dada yake,
kanjo waliobeba wavu wake Jumatatu.
Aliinama kwenye makaa. Aliinama kwenye ndimu.
Neno juu ya kigoda? Hata nusu.
Nilingoja, nikala hindi, nikaelewa:
kiti kikikaa sawa, mtu hukisahau.

Mia mbili zilizobaki atamalizia mwisho wa mwezi.

Kile cha kwanza ninacho mimi.
Ninakikalia nikinoa patasi, hapa nje kwenye kokoto.
Karatasi yake ya unga sijaitoa.