Mnyiri wa Saba

Usicheke, Mwanamkuu. Sogeza beseni nikuhadithie.
Jana Nasra kapata mshahara wake wa kwanza,
akanivalisha baibui langu la harusi za watu,
akanipeleka Raskazone, kwa Mjapani.
Mlangoni tukavua viatu kama msikitini.
Ndani hakuna moshi.
Nikanusa kulia, nikanusa kushoto:
mkahawa wa samaki, na samaki hanuki!
Moyoni nikasema, leo tutalala njaa.

Tukapewa vijiti viwili viwili.
Nikadhani ni vya kuchokolea meno,
virefu kwa heshima ya wakubwa.
Nasra akanifinya chini ya meza.

Ikaja sahani nyeupe, ya mraba,
na vipande sita vya pweza, vyembamba
hata ua lililochorwa chini yake likaonekana.
Sita. Nilivihesabu mara mbili.
Vimelazwa kwa upole, kama kanga kwenye sanduku la bibi harusi.
Wewe na mimi tunajua, pweza hujipalia makaa.
Huyu makaa hakuyaona.
Ameonyeshwa maji ya moto tu,
kama anayeamkiwa na mtu mwenye haraka.
Na jodari pembeni, mbichi kabisa, mwekundu kama tikiti.
Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa.
Hakuna aliyesema mle.

Kando palikuwa na kitu cha kijani,
kidogo, tonge la kumlisha kifaranga.
Chatne ya kotmiri hiyo, nikajua. Nikakichota chote.
Mwanamkuu!
Hakikupita kooni. Kilipanda puani,
kikagonga utosi, kikafungua bomba.
Nililia. Nililia yale ya eda,
yale ya Mbaruku, niliyoyabana miezi minne na siku kumi
kwa kuwa wageni walikuwa wengi na sufuria lilitaka mtu.
Nasra ananipangusa, anacheka:
"Mama, ni pilipili yao tu."
Nikasema ndiyo, ni pilipili.

Macho yaliporudi, ndipo nikamwona.
Nyuma ya kioo, mbele ya mpishi, amelazwa juu ya barafu,
mnyiri wa saba mfupi,
uliokatika ukaota upya, mwembamba kama mkia wa panya.
Kazi ya mkunga, nilikuonyesha asubuhi, unakumbuka?
Pweza wangu!
Niliyemuuzia yule kijana wa baiskeli kwa elfu kumi na mbili
na ndimu nikamwongezea.

Nikainuka na baibui langu mpaka kwa mpishi.
Bwana Okuda anaitwa. Kiswahili kakipatia Muheza.
"Huyu namjua," nikamwambia.
"Nimempigiza jiweni mwenyewe, mara arobaini."
Akaweka kisu. Akainama
mpaka nikauogopea mgongo wake.
"Mimi humkanda kwa chumvi," akasema.
"Leo nilishangaa, kazi imekuwa ndogo."
Akanipa kisu nikishike. Chepesi, kirefu, kama mkia wa taa.
Akakitazama kidole gumba changu, hiki cha kushoto, chenye kovu.
Akanyanyua chake.
Hatukusema kitu.
Watu wakasubiri chakula chao.

Hesabu ililetwa imekunjwa ndani ya kijitabu, kama hirizi.
Nasra akajaribu kuificha,
kasahau kuwa ngumbaru nilimaliza.
Vipande sita: elfu thelathini na nane.
Nikapiga hesabu njia nzima,
minyiri minane, kila mnyiri vipande ishirini,
mara sijui ngapi,
nikashindwa hapo kwenye reli.

Mtamu? Mtamu, nisiseme uongo.
Ladha ya bahari kabla mtu hajaitia mkono.
Ila nilipofika nyumbani nilikaanga muhogo.

Haya, huyo anakuja, kengele naisikia.
Funika hao wadogo. Niachie mimi.

"Shikamoo, mama. Pweza leo?"
"Marahaba. Elfu ishirini na tano."
"Mama! Si jana tu hapa—"
"Jana asubuhi nilikuwa sijala kwenu."