Kwa Jaji Aliyenikata Alama Nne

Bwana jaji, hii si barua ya rufaa.
Alama nne ulizonikata, kaa nazo,
zinunulie kahawa hapo Novi Sad.
Nimeisoma karatasi yako: "Mlango wa kushoto haukai sawa."
Wino wa buluu, na mstari umeupiga mara mbili.
Hukukosea. Haukai.

Ila ungeniuliza.
Nilikuwa nimesimama pale pale, nyuma ya meza ya saba,
bibi wa miaka sabini na moja na mfuko wake wa sokoni,
ukanipita ukidhani namlindia mjukuu kazi yake.

Naitwa Radojka. Miaka kumi na tisa nilipaka rangi
magari ya Yugo, kule Kragujevac, kwenye ukumbi usio na dirisha,
na hadi leo nikipiga chafya usiku
naikagua leso kama haijatoka nyekundu.
Ndiyo maana kalamu yako haikuigusa nyekundu yangu.
Haikutoka dukani ile. Niliichanganya jikoni,
kwenye kifuniko cha mtindi, tone kwa tone,
mpaka ikawa pilipili hoho iliyotoka motoni
kabla haijamenywa.

Gari zima linaenea kiganjani,
moja kwa ishirini na nne.
Nyaya za plagi ni uzi wa soksi.
Kioo cha pembeni ni karatasi ya chokoleti.
Namba ya gari niliiandika kwa unywele mmoja wa brashi,
pumzi nimeibana,
paka nimemfungia chooni.

Sasa, huo mlango.

Milango ya kushoto ilikuwa ya Miloje.
Jumatatu hadi Alhamisi aliipachika ikafunga kama kope.
Lakini Ijumaa basi la kijijini kwa mama yake
liliondoka saa tisa na dakika tano,
na kutoka kwenye mtambo hadi getini ni mwendo.
Basi gari la mwisho halikupata bisibisi.
Lilipata goti.
Pu! hapo chini ya kitasa,
na Miloje huyoo, kofia mkononi, mbio.
Mkaguzi alifumba jicho.
Mimi nikaja nyuma na kopo langu dogo
kuifuta alama ya goti,
Ijumaa baada ya Ijumaa,
wala hakuwahi kujua ni nani aliyekuwa akimfutia.

Ukumbi ule umefungwa.
Miloje tulimzika mwezi wa pili.
Jeneza lilifunga barabara, bila mwanya,
nikasema moyoni: hili hakulipachika yeye.

Kuukalisha mlango sawasawa, bwana jaji,
kulinichukua usiku mmoja.
Kuukosesha kulinichukua kumi na mmoja.
Ukizidisha unywele, hiyo ni ajali.
Ukipunguza unywele, hilo ni gari la Jumanne.
Nilipasha sindano motoni, nikapinda bawaba, nikaivunja,
nikanunua boksi la pili kwa pensheni ya mwezi wa tatu
(nikala viazi),
nikapinda tena,
mpaka usiku mmoja niliinua gari usawa wa taa
na mwanga ukapenya mlangoni, mwembamba, umeinama kidogo,
kama mtu anayechungulia kuona kama basi limefika.
Nikaweka kibanio chini.
Sikulia. Gundi ile huwasha macho.

Kwa hiyo alama zako sizidai.
Nakuomba jambo moja tu, kwa sababu gari bado liko kwenu
na mnasema mtalituma kwa posta.
Mkilifunga, kuna kijana atautazama mlango
na kutaka kuusukuma kwa dole gumba. Mzuie.
Mlango ule haufungwi kwa mkono.
Ni wa goti, na goti lenu ni kubwa mno,
basi tumieni ukucha wa kidole cha mwisho,
pigeni mara moja, hapo chini ya kitasa,
kisha ondokeni haraka.
Na kama mwaweza, iwe Ijumaa,
saa tisa kasoro.
Msiniulize kasoro dakika ngapi.
Kasoro.