Sikio la Tembo

Saa kumi na moja alfajiri, Tabata, umeme umekatika.
Simu nimeibana kati ya taya na bega,
tochi yake inamulika kopo la chakula.
Mama yake yuko zamu, wodi ya wazazi;
leo mpishi ni mimi, fundi breki,
mikono nimeisugua kwa sabuni ya unga
na bado kucha zinanuka grisi.

Chapati ya jana naikata kwa mfuniko wa chupa ya chai:
kichwa. Mkonga nauchonga kwa ncha ya kisu,
taratibu, kama nakata gasketi.
Jicho, zabibu kavu. Nyasi, mchicha.
Pembe mbili za muhogo; moja imevunjika, nimeila.
Jua la karoti limekataa kuwa duara.
Basi. Jua la Dar, nani amewahi kulikazia macho?

Mama Kuruthumu anachungulia dirishani:
"Baba Sikudhani, kinacholia njaa ni tumbo, si macho!"
Naitikia, huku napanga maua ya tango.

Jioni narudi, mlio wa grainda bado umo kichwani.
Kopo liko mezani. Nafungua.
Tembo hayupo, jua halipo,
nyasi zipo zote,
na sikio moja la chapati, limekakamaa ukingoni.

"La kwako," anasema Sikudhani.
Ilibidi arudie.
"Nikikuita huwa husikii."

Nimelitafuna lote, kavu, bila chai,
kisha nikamwambia: haya, niite.