Shuka la Mgeni

Ijumaa jioni, Barabara ya Luthuli, ghorofa ya tatu.
Kipng'eno ametandika kitambaa cheusi mezani
na kuzipanga lenzi zake kama muuguzi
anayengoja daktari aseme, "Makasi."

Nina elfu mbili na mia tano
na kitambulisho cha kuacha rehani.
Hizo ni za kukodi lenzi moja.
Moja, mpaka Jumapili saa moja usiku.

Kazi yenyewe: watoto kumi na wanane wa Kariobangi Kusini,
kocha mmoja, mpira mmoja wa mchango,
picha ya timu mbele ya ukuta wenye jina lao,
kisha kila mtoto peke yake, kifua mbele,
ya kuning'inizwa juu ya televisheni.

"Beba hii pana," asema. "Ishirini na nne.
Inameza kila kitu, hata mlingoti wa stima."
Najua. Niliibeba mwaka jana.
Ilimeza kila kitu, ikamtafuna Halkano,
golikipa wa akiba, ambaye husimama mwisho wa mstari
kwa sababu hajawahi kuambiwa asimame kwingine.
Lenzi pana humvuta wa pembeni kama unga wa chapati:
kichwa kikawa boga, bega likaelekea Dandora.
Mama yake alilipa shilingi mia,
akaitazama, akaikunja mara mbili,
akasema asante.
Asante ile haijanishuka kooni.

"Hamsini, basi?"
"Hamsini," najibu, "ni ya mtu asiyejua anachotaka."
Anacheka. Yeye mwenyewe hutumia hamsini.

Nikachukua themanini na tano.
Hiyo haimnyooshi mtu pua wala haimwongezi shavu.
Shida yake ni moja: inataka nafasi,
na kutoka ukutani hadi mtaroni ni hatua nane.

Jumamosi, saa mbili, jua bado la upole.
Watoto wamejipanga, soksi zimevutwa hadi magotini.
Narudi nyuma. Mabega matano tu ndani ya kioo.
Narudi. Tisa.
Navuka mtaro juu ya ubao, kinyumenyume,
kocha akinielekeza kama lori sokoni: njoo, njoo, njoo,
mpaka maji baridi yakanigusa shingo
nikajikuta katikati ya nguo za watu.

"Piga," ikasema sauti nyuma ya kamba,
"lakini shuka hilo ni la mgeni. Ukilichafua, utalifua."
Mutheu akaliinua kwa mikono miwili, kama pazia,
na chini yake nikawaona wote.
Wote. Kila kichwa na ukubwa wake.
Halkano, mwisho wa mstari, ana kichwa cha Halkano.
Nilipiga mara sita; ya kwanza ilitosha.

Kisha mmoja mmoja.
Kerubo, winga wa kushoto, alikuja na masharti:
"Nyuma yangu futa. Mabati, takataka, vyote."
Nikaifungua lenzi hadi mwisho
na mtaa ukayeyuka nyuma ya masikio yake
kama samli kikaangoni. Akaangalia kioo. "Hivyo hivyo."

Halkano akavaa glovu, zinazompwaya.
"Mimi usifute," akasema. "Nataka goli lionekane."
Goli: miti miwili, kamba, neti ya mbu iliyotoboka.
Msimu mzima hajasimama humo hata dakika moja.
Nikafunga tundu hadi kumi na moja.
Fundo kwa fundo, neti ikajitokeza,
na jaa pia, na mbwa, na mzee anayekojoa mbali.
Sikuondoa kitu.

Jumapili Kipng'eno aliigeuza lenzi chini ya taa,
akakuna alama kwa ukucha.
"Hii nini?"
"Povu la sabuni."
Akanusa. Akakata mia mbili.
Nikalipa, nikachukua kitambulisho changu,
na picha yangu humo, nikaiona leo tu,
ilipigwa kwa lenzi pana.