Mfongo

"Yatashuka yenyewe," bibi alisema,
akinisugua kwenye karai, Machame.
"Hata maji ya mfongo hushuka bila kuitwa."
Hakutaja nani huuzibua.

Miaka thelathini na nne. Aikande amekunywa
mizizi, magome, maneno ya wifi zake.
Mimi nilikunywa mbege, kimya.

Leo, Moshi mjini, daktari anachora
nyuma ya fomu ya bima:
mfuko mtupu, na juu, tumboni,
kokwa mbili zilizokwama.
Huko ndani, anasema, ni joto la Kahe mwezi wa pili.
Mbegu ya mwanaume hutaka baridi ya kwenu.
Nikacheka. Kisha sikucheka.

Aikande hakunena mpaka stendi.
Akanunua ndizi, mchicha, chumvi.
"Nirudishie ile miaka minne," akasema,
"au nibebee kikapu."
Nikabeba kikapu.

Jumapili dada ananiachia Ndelianaruwa nimwogeshe,
miezi saba, anayapiga maji mateke.
Napapasa kwa kidole gumba, taratibu: moja.
Napapasa tena.
"Dada," naita, "kesho usiende shamba.
Kesho tunazibua mfongo."