Chombo cha Kuzama

Tuliikata katikati mwezi wa Novemba,
karakana namba tatu, moto ukizunguka kiuno chake siku tisa.
Miaka thelathini na mmoja ilikuwa nzima.
Sasa imelala vipande viwili juu ya reli,
nyaya zinaning'inia kama matumbo ya nguruwe wa Krismasi,
na ukutani, nyuma ya betri za zamani,
mtu aliandika kwa penseli: Rolf anadaiwa bia mbili.

Kati ya vipande tukapachika kipande kipya,
mita sita za chuma, na ndani yake injini
isiyodai hewa ya juu. Wiki tatu chini bila kuchungulia.
Zamani ilibidi ipande usiku, itoe bomba,
ivute pumzi kama mzee mwenye pumu,
dizeli ikikohoa, betri zikinywa,
na kila mwenye masikio akajua ilipo.

Aliyeunga ni mimi. Hillevi, mchomeleaji,
miaka hamsini na minne, goti la kushoto bovu.
Mshono wa nyuma ni wa Jarmo, aliyevuka kutoka Finland
na birika lake la kahawa. Wa mbele ni wangu.
Waliupiga eksirei sentimita kwa sentimita
wakitafuta tundu dogo kuliko punje ya ufuta.
Hawakuliona.
Huliona mimi, usingizini.

Maana binti yangu yumo humo.

Bahari yetu haina kina cha kujivunia.
Mita arobaini, hapo sitini, pale ishirini:
simamisha mnara wa kanisa letu chini
na jogoo wa bati atabaki nje, akigeuka na upepo.
Maji si ya chumvi wala si matamu,
kama chai ya mtu aliyesahau alichotia.
Mito humwaga juu, chumvi hulala chini,
na sauti ikifika mpakani hupinda, hupotea,
huja mlangoni imevaa nguo za mwingine.
Zile kubwa za nyuklia humu zingekwaruza tumbo.
Humu anatakiwa mdogo, ajuaye kulala kifudifudi topeni
kama samaki aliyeipa jina, Laken,
atagaye mayai Februari chini ya barafu
wenzake wakiwa wamenyamaza.

Tuva haruhusiwi kuniambia alikokwenda.
Huniambia alichosikia, kikiwa cha kuchekesha.
Saa sita, vipokeasauti masikioni,
kapteni nyuma yake na soksi tu,
mpishi kakatazwa kugusa kijiko,
na huko nje mlio kama mafuta kikaangoni,
ukisogea, ukirudi.
"Rafadha?" kapteni akanong'ona.
Akasikiliza tena. "Heringi, kapteni. Wanajamba."
Kundi zima la samaki likitoa hewa,
na taifa zima limeshika pumzi.

Nilicheka hadi nikalia. Kisha nikalia tu.

Chombo cha kuzama, wanasema, hakina usukani.
Hiki kinao, mapezi manne ya msalaba ulioinama.
Kimechorwa kizame, kimelipiwa kizame,
na bungeni walipiga makofi kizame kwa utulivu zaidi.
Kurudi hakumo katika mkataba. Niliusoma.
Kurudi ni kazi ya mshono.

Kitanda chake kiko chini yake hasa.
Taa zikizimwa, anasema, huunyooshea mkono.
"Una baridi, mama. Lakini ni laini."

Likizo ya mwisho hakupata usingizi kwangu.
Saa nane usiku nilimkuta jikoni, magotini,
akikunja kadibodi chini ya mguu wa jokofu
lililokuwa likitetemeka miaka yote na mimi sijui.
Asubuhi nyumba ilikuwa kimya kama sakafu ya bahari.

Aliondoka tarehe nne.
Tarehe tano niliichomoa ile kadibodi.